Pipa la Nili Halitaki Mikono Mirefu

Tarehe 9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na paka ameacha kukulalia juu ya magazeti. Mimi mzima. Chumba changu kiko juu ya duka la fundi viatu, kwa hiyo naamshwa na nyundo badala ya jogoo. Mwezi uliopita nilishikwa na mafindofindo, homa kali, kumeza mate tu ilikuwa kazi, lakini yalipita yenyewe. Usimwambie mama.

Kwenye karakana ya watia rangi nimeshapita kuosha vitambaa, kuvichemsha, na rangi za manjano na nyekundu. Limebaki pipa la nili, ile rangi ya buluu. Huo ndio mtihani wetu. Mwanafunzi anatakiwa azamishe kitambaa, akigeuze chini kwa chini, akitoe bila kuleta povu, Fundi Mkuu akiwa amesimama pembeni. Na huingia na mikono wazi hadi begani. Shati la mikono mirefu hubeba hewa, na hewa ikiingia pipani nili inaharibika. Glavu anazikataa, anasema mpira hauhisi kitambaa. Asiyeingia pipani kabla ya mwisho wa Septemba anafungasha, nafasi anapewa mwingine.

Swali dogo, la kikazi tu: kuna doa linaloweza kuingia kwenye ngozi ya mtu likakataa kutoka hata kwa magadi na brashi? Anauliza mwenzangu mmoja hapa.

Wako,
Chiriku


Tarehe 21 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, paka amenenepa, na ninakushukuru kwa kuandika. Kwenye simu nasikia nusu ya maneno na nusu nyingine naibuni, halafu mnasema shangazi kazeeka. Mama yako yu mzima. Baba yako yuko huko kwenye mashamba ya watu na vyombo vyake vya kupimia ardhi, juani kutwa, vifungo vya shati vimefungwa hadi kwenye kifundo cha mkono kama unavyomjua.

Sasa huyo mwenzako. Rangi huweza kukaa kwenye ngozi siku kadhaa, lakini haiwezi kukaa sana, kwa sababu ngozi yenyewe haikai. Tabaka la juu huanguka kidogo kidogo na rangi huondoka nalo. Kwa hiyo doa lisilotoka si doa. Muulize: ni moja au ni mengi? Yana umbo gani? Yakikwanguliwa hutoa magamba membamba? Na umsamehe mwalimu mstaafu wa biolojia kwa udadisi wake, lakini je, huyo mwenzako naye aliumwa koo?

Mwambie aweke brashi chini. Hilo lisisubiri majibu ya mengine.

Shangazi yako


Tarehe 30 Aprili

Chiriku,

Nilikupa jina hilo kwa sababu ulipokuwa mdogo hata ukipiga mswaki ulikuwa unaongea. Sasa mwezi mzima umepita kimya. Nimefungua sanduku la barua mara nyingi hata mpeleka barua ananionea huruma, juzi ameniletea tangazo la magodoro akasema, “Chukua hata hili, mama, usirudi mikono mitupu.”

Simwandikii tena mwenzako. Nakuandikia wewe.

Shangazi yako


Tarehe 12 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Mwenzangu ni mimi. Ulijua.

Yalianza wiki mbili hivi baada ya koo kupona. Kwanza tumboni na mgongoni, madogo madogo, kama mtu kachovya brashi kwenye rangi akanirushia. Nilidhani ndivyo ilivyokuwa, maana wiki ile tulikuwa na rangi nyekundu na Tingatinga, yule mwenzangu anayetembea kama analima barabara, alikuwa amemwaga ndoo nzima. Nikajifanyia tunavyofanyia kitambaa cha mteja kikiingia doa: maji ya moto, magadi, brashi, kusugua kwa mistari iliyonyooka ili nyuzi zisivurugike. Nilisugua mpaka nikatoka damu. Siku chache baadaye mistari ile ile ya brashi ikaota madoa mapya, yamejipanga kama mshono. Nilipoyaona kwenye kioo nilikaa sakafuni.

Nikanunua dawa ya fangasi. Haikusaidia. Sasa yako mikononi hadi karibu na viganja, zambarau iliyoingia kahawia, na juu yake unga mweupe. Navaa mikono mirefu kwenye mvuke wa masufuria. Tingatinga kaniuliza mbele ya watu, “Wewe unaficha nini humo, mchumba?” Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Nafikiri niondoke kabla sijaondolewa. Kuna nafasi ya kuuza tiketi kwenye jumba la sinema. Pale mtu anaonekana uso tu, kwenye kidirisha.

Usimwambie baba.

Chiriku


Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa na kila mara naishia kwenye kile kidirisha. Kiache kwanza. Kaa unisikilize, maana leo nina mengi, na kwa bahati mbaya yako hapa hakuna kengele ya kumaliza kipindi.

Mimi si daktari, na ngozi haipimwi kwa barua. Yapo magonjwa mengine yanayofanana na hayo, kwa hiyo wiki hii, si ijayo, nenda kwa daktari wa ngozi, na usisahau kumtajia lile koo. Lakini nitakwambia ninachokishuku ili usiingie kwake ukitetemeka. Nashuku ni soriasisi ya matone. Imepewa jina hilo kwa umbo lake, na huwapenda watoto na vijana kuliko sisi wazee. Kitabu changu cha zamani kinaonyesha picha za ngozi nyeupe tu, na matone yake ni mekundu. Kwenye ngozi kama yetu huwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, ndiyo maana watu wengi hawayatambui.

Sasa kuhusu koo. Wako bakteria ambao chini ya darubini hujipanga kama shanga kwenye uzi. Wakiingia kooni, mwili hutuma askari wake, na askari hao hujifunza sura ya adui. Vita huisha, unapona, unarudi kazini. Lakini kwa baadhi ya watu askari hawavui sare. Wanazunguka mwilini na ile sura vichwani mwao, wanafika kwenye ngozi, wanaona kitu kinachofanana nayo, wanapiga king’ora. Ngozi ikisikia king’ora inafanya jambo moja inalolijua, nalo ni kujijenga. Kwa kawaida chembe ya ngozi huzaliwa chini kabisa, hupanda polepole, hujibapa, hufa, na baada ya mwezi hivi hudondoka bila wewe kujua. Kwenye tone lako safari hiyo ya mwezi huenda kwa siku chache tu. Za chini zinapanda, za juu hazijaondoka, zinarundikana. Huo ndio unga mweupe uliouona.

Na brashi? Ngozi iliyo katika hali hiyo ukiijeruhi, huweza kuleta ugonjwa palepale kwenye jeraha. Kwa hiyo aliyeushona mshono ule ni wewe, mpenzi wangu, kwa ustadi wa kazi yako. Fundi Mkuu angekupa alama nzuri kwa unyoofu wa mistari.

Jana nimemhamisha paka kwenye kabati, nikaitoa darubini. Nimejikwangua kiwiko, nikakitia rangi kile kipande, maana sisi wa maabara nasi ni watia rangi, nikatazama. Mabamba matupu, hayana kiini, kama nyumba ambazo wenyewe wamehama kwa utaratibu na kufunga milango. Nimefundisha jambo hili maisha yangu yote na bado nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Mwili huu mzito, wenye goti bovu na kelele zake, unajivua na kujivisha kila mwezi, na haujawahi kuniomba ruhusa.

Zamani, nikiwa mwanafunzi, niliwahi kuona gamba la ngozi kama yako. Mtu wa karibu alikubali nilichukue. Ndani ya mabamba yale viini bado vilikuwamo. Chembe zilikuwa zimepanda mbio kiasi kwamba hazikupata nafasi ya kuviacha, kama watu walioamshwa ghafla wakatoka nje na mito mikononi. Sikuona uchafu pale, wala laana. Niliona haraka tu, haraka kubwa ya kutaka kulinda.

Haiambukizi. Haiambukizi kwa kushikana, wala kwa beseni, wala kwa nguo. Na si wewe wa kwanza katika ukoo wetu. Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa sababu habari hiyo ina mwenyewe.

Nenda kwa daktari.

Shangazi yako


Tarehe 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Tafadhali mpe paka pole kwa kuhamishwa kwenye kabati la darubini, nimepata salamu zake za manyoya ndani ya bahasha.

Nilikwenda. Daktari ni mama wa makamo, kavaa lenzi shingoni kama mkufu. Alinishika mkono bila glavu, akaugeuza dirishani, akapitisha kidole juu ya madoa. Sikujua kuwa nilikuwa nasubiri kitu hicho tangu mwezi wa tatu, mtu anishike tu. Alipofika kwenye mistari akasema, “Na hapa ulikuwa unapiga deki?” Nikamweleza kuhusu magadi. Akacheka mpaka akavua miwani, halafu akaomba radhi.

Ni kama ulivyosema. Alinipangusa koo kwa pamba, akanitoa damu, na zile shanga zako zilikuwa zimeacha nyayo. Nina dawa ya kupaka na mafuta mazito ya kulainisha, na mara kadhaa kwa wiki naingia kwenye kabati la taa. Ni sehemu moja ndogo ya mwanga wa jua, kasema, iliyochujwa, na inawatuliza wale askari wako. Nasimama humo na miwani myeusi kama kitambaa kilichoanikwa, naanza kuhesabu, halafu nasahau kuhesabu. Shangazi, mwanga tu. Haunigusi, hauna harufu, na ngozi inausikia.

Kasema kwa wengi huisha katika wiki au miezi. Kwa wengine hurudi wakiumwa koo tena, kwa hiyo koo langu nisilidharau. Na kwa wachache hugeuka kuwa aina nyingine inayokaa, mabaka makubwa, mara nyingi kwenye viwiko na magoti.

Viwiko na magoti. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikimfikiria mtu. Shangazi, kwa nini baba havai mikono mifupi?

Chiriku


Tarehe 15 Julai

Chiriku,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu daktari. Paa langu limeanza kuvuja pale juu ya meza, fundi amekuja kulitazama, amelitazama vizuri sana, ameondoka. Paka amepata rafiki asiyependeza. Mama yako kaanza kujifunza kuendesha gari na jirani yangu kahamisha vyungu vyake vya maua.

Swali lako la mwisho nimeliona. Nimeukata ule upande wa karatasi nikaupeleka kwa anayepaswa kujibu. Kachukua, kasoma akiwa amesimama, kaenda zake. Usinisukume.

Nami nina langu. Barua nzima ya daktari na taa, na Fundi Mkuu hayumo hata kwa neno moja. Umemwambia?

Shangazi yako


Tarehe 20 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwambia. Sikumwambia kwa ushujaa, ni kwamba aliniita.

Alikuwa anakagua vitambaa kwenye meza ya dirishani. Kasema bila kuinua macho, “Wenzako wote wameshaingia pipani. Wewe unaugua tumbo kila nikitaja nili. Septemba inakuja. Tuseme unaacha?”

Nilikuwa na maneno ya kuaga tayari, nimeyafanyia mazoezi ngazini. Badala yake nikakunja mikono ya shati, nikaiweka mikono yangu mezani, juu ya kitambaa chake.

Aliisogeza kwenye mwanga, akaikagua jinsi anavyokagua kazi ya mtu, upande wa juu kisha wa chini. Tingatinga alikuwa amesimama na ndoo, hakuiweka chini.

“Inauma?”

“Inawasha. Sasa imepungua.”

“Inaambukiza?”

“Hapana. Daktari kaandika.”

“Kweli,” akasema, “ingekuwa inaambukiza ningekuwa nayo mimi, tunachangia beseni tangu mwaka jana.” Akaendelea kutazama. “Nilidhani umejichora kitu unachokionea aibu. Kuna msichana alikuja hapa na jina la mwanamume hadi kwenye kiwiko, na baadaye akaolewa na mwingine.” Halafu akapitisha kidole kwenye ile mistari ya brashi. “Hii imefuata brashi kabisa. Mwili huu unasikia jamani.”

Chokaa iliyomo pipani ni kali, kwa hiyo daktari anataka nisubiri mpaka mipasuko ifunge, nipake mafuta kabla, nioshe mara tu nikitoka. Fundi kasema atanipa mpaka siku ya mwisho ya Septemba, si zaidi, maana pipa nalo lina maisha yake.

Baadaye Tingatinga alinijia akasema, “Mimi nina kidole cha sita cha mguu. Usimwambie mtu.” Kisha akavua kiatu.

Shangazi, madoa yanalala. Lakini yanapolala yanaacha alama, mengine meusi, mengine yamepauka. Ndiyo itakuwa hivi siku zote? Na baba je?

Chiriku


Tarehe 3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Msalimie huyo Tingatinga na kidole chake.

Alama ni kumbukumbu ya rangi, si ugonjwa. Chembe zinazotengeneza weusi wetu zilivurugwa na ile vurumai, nazo hazina haraka kama zile nyingine. Zitasawazisha. Huchukua miezi, wakati mwingine zaidi. Zitazame bila chuki, zinafanya kazi.

Baba yako alikuja Jumapili. Alikaa kwenye kiti kile kinacholia, akaniuliza kuhusu paa, akasifu paka ambaye hampendi. Halafu akatoa mfukoni kile kipande cha karatasi chenye swali lako. Kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Akafungua vifungo vya mikono, kimoja kimoja. Mimi ni dada yake, niliyemkwangua lile gamba kwa wembe wa maabara tukiwa vijana, na tangu siku hizo sikuwahi kuviona viwiko vyake tena.

Alisema, “Nilidhani nikiificha itakomea kwangu.”

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kinachorithiwa ni mwelekeo tu, si ugonjwa. Kwamba wengi wanao na hawaujui maisha yao yote. Kwamba ulihitaji kuumwa koo ili mlango ufunguke, na kwamba shati halina la kufanya katika yote hayo. Alinikatiza, na unajua inavyoniuma kukatizwa ninapoeleza. Akaniuliza, “Na yeye kaiweka tu mikono mezani, hivi hivi, mbele ya mkuu wake?” Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akaniomba nimsomee tena pale. Nikamsomea. Alitazama dirishani muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama kitu kirefu sana kikipita.

Kifurushi hiki kimetoka kwake. Ni shati lake la kazi, lile jeupe. Kasema: “Mwambie alikate mikono. Na alitie rangi anayoijua.”

Shangazi yako


Tarehe 28 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nitakuandikia jinsi ilivyokuwa, nawe umsomee baba.

Mikono ya shati la baba nimeikata juu ya viwiko, nikaikunja pindo mara mbili. Nilipaka mafuta, nikavaa fulana isiyo na mikono, nikatoka uani walipo wote. Sikuwa safi, nina alama kila mahali. Hewa ilinigusa mikono na nikahisi kama mtu mpya.

Juu pipa lina ngozi, ndivyo tunavyoiita, utando wa shaba unaong’aa. Unausogeza pembeni kwa upole. Chini yake maji si ya buluu hata kidogo, ni ya manjano yanayoelekea kijani. Nililizamisha shati la baba, nikaingia mpaka begani, vuguvugu, nikaligeuza chini kwa chini nikihisi mshono wa kola kwa vidole. Fundi alisimama pembeni. Niliposema basi, nikalitoa polepole, na lilikuwa kijani kama jani changa.

Halafu ikaanza. Unajua inavyotokea, nilikueleza kwenye simu, lakini sijawahi kuiona ikitoka mikononi mwangu. Hewa inaligusa na buluu inakuja, kwanza kwenye kingo, kisha inatambaa hadi katikati, na wewe umeshika tu, hufanyi lolote. Nilifikiri kuhusu koo langu. Limeshapona, limesahauliwa, na huko nyuma kitu kinakuja kwenye ngozi taratibu na kufika kwa wakati wake. Miezi yote nilikuwa nauliza nimekosea nini. Pale sikuuliza. Nilisimama tu nikashangaa kwamba ninaishi ndani ya kitu kama hiki.

Fundi kasema, “Osha mikono, usikae na chokaa.” Baadaye kaniambia kesho nije mapema, pipa la pili ni langu.

Shati nimelituma. Lifuliwe peke yake mara ya kwanza.

Chiriku


Tarehe 17 Oktoba

Chiriku wangu,

Marahaba. Paa limezibwa. Mama yako kafaulu mtihani wa kuendesha gari, vyungu vya jirani bado viko ndani.

Shati lilifika Alhamisi. Baba yako alilifua mwenyewe, peke yake, kama ulivyoagiza, na leo asubuhi alilivaa. Alisimama mlangoni kwangu kitambo, mkono mmoja umeshika mwingine. Nilikuwa na mengi ya kumweleza. Nikanyamaza, na ulitakiwa uwepo uone jambo hilo la ajabu.

Akatoka. Nilimfuata kwa mbali kidogo na goti langu. Jua lilikuwa limeshapanda, likampiga kwenye viwiko, na yale mabaka yalionekana wazi kabisa, mimi nikayaona, na kila aliyetaka aliweza kuyaona. Yule mama muuza mboga wa kwenye kona alimwita. Baba yako akasimama, mabega yamepanda hadi masikioni.

“Wewe mpima ardhi,” akamwambia, “hiyo buluu umeipata wapi?”

Alijitazama, mkono mmoja, kisha wa pili, kama mtu aliyevishwa usingizini.

“Ameitia binti yangu,” akasema.

Shangazi yako